Unajua kuchomelea na uko Marekani? Ingia kwenye nyambizi, roketi na injini za ndege, na ujue pesa yake ikoje

Haya, hii naiandika kwa walioko Marekani tayari, hasa nyie mlioshika mashine ya kuchomelea kule nyumbani mkatengeneza mageti, grili za madirisha, bodi za malori na stendi za matenki ya maji, halafu mmefika huku mkaingia ghalani kupanga maboksi usiku kucha na ule ufundi umelala tu. Kuna kazi za kuchomelea huku zinazolipa kuliko ghala, zina bima ya afya, zina akiba ya uzeeni, nazo ni za meli za kivita, injini za ndege, roketi na vifaru. Ila niseme mapema, ukija na akili ya "mimi naunganisha chuma chochote nipe tu umeme" utarudishwa siku ya kwanza. Huku hawakulipi kwa kuunganisha, wanakulipa kwa usafi na makaratasi, yaani uweze kurudia mshono uleule mara mia bila kubadilika, na kila mshono uwe na karatasi inayosema nani kauchomelea, kwa waya wa lot (fungu la kiwandani) namba ngapi, tarehe gani. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Anza na karatasi za uhamiaji, usianze na shule

Nimeona mtu analipa maelfu ya dola shule ya binafsi ndiyo baadaye anauliza kama hizo kazi zinamruhusu. Geuza huo mpangilio.

Kuna sheria inaitwa ITAR, inalinda vifaa vya kijeshi na teknolojia yake, roketi zikiwemo. Inasema michoro na maelezo ya hivyo vitu haionyeshwi mtu ambaye sheria haimhesabu kama mtu wa Marekani mpaka serikali itoe leseni, na welda utafanyaje kazi bila kuona drowingi? Sasa wengi wakisikia hivyo wanaamua wenyewe kwamba ni raia tu ndio wanaruhusiwa, na hata wale wa ofisi ya ajira kwenye makampuni mengine wanaamini hivyohivyo. Sheria yenyewe inahesabu watu wanne: raia, mwenye grinkadi, aliyepokelewa kama mkimbizi, na aliyekwisha kubaliwa hifadhi. Kwa hiyo wewe uliyetoka Kivu ukakaa Nyarugusu au Kyangwali miaka kibao halafu ukaletwa huku kwa mpango wa wakimbizi, kwa ITAR uko ndani. Ambaye hayumo ni yule ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa, hata kama ana kibali cha kazi mkononi, na mwenye TPS (ruhusa ya muda ya kukaa), na aliyeko kwa viza ya masomo. Jambo hili lilifika mpaka mahakamani, Agosti 2023 Wizara ya Sheria iliishtaki SpaceX ikidai inawabagua wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye ajira. Mashtaka yaliondolewa mwaka 2025 lakini ile orodha ya watu wanne iko palepale.

Juu ya hapo kuna ngazi ya pili. Kazi inayotaka kibali cha usalama cha serikali, na kazi inayogusa siri za mitambo ya nyuklia ya jeshi la majini, hizo ni raia peke yake. Nyambizi zote za Marekani na meli zao za kubebea ndege zinatembea kwa nyuklia, kwa hiyo kwenye yadi zinazozijenga nafasi nyingi utakuta wameandika raia. Soma tangazo mpaka mwisho, hilo neno huwa wanaliweka chini kabisa.

Uraia kwa kawaida unaomba baada ya miaka mitano ya grinkadi, lakini mkimbizi grinkadi yake inahesabiwa kuanzia siku aliyotua Marekani, na aliyepewa hifadhi anarudishiwa mwaka mmoja nyuma, kwa hiyo piga hesabu vizuri usije ukawa unasubiri kitu ambacho tayari ni haki yako. Mkenya hana shida, katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania na Mkongomani hapo ndipo pagumu maana nyumbani hawaruhusu mtu mzima kushika mbili, ukichukua huu unaachia ule, na mambo ya mashamba na urithi unayajua mwenyewe, kaa na familia kwanza.

Kazi zenyewe ziko wapi

Ukisema welda wa ndege watu wanapata picha ya mtu amekaa juu ya bawa anachomelea. Sahau. Mwili wa ndege ya aluminiamu umeshikwa kwa riveti na bolti, kwa sababu zile aluminiamu ngumu wanazotumia, mfano 2024 na 7075, ukizichomelea mshono unapasuka wakati unapoa. Welda yuko kwenye injini na vitu vinavyoizunguka, vyumba vya mwako, mabomba ya hewa ya moto, mirija ya mafuta na haidroliki, fremu zinazoshika injini, na pia kufufua vipande vilivyochakaa ambavyo kununua kipya ni bei ya nyumba. Metali za hapo ni titani, Inconel (aloi ya nikeli inayostahimili moto) na steinlesi. Pratt & Whitney wako Connecticut, GE Aerospace wako karibu na Cincinnati kule Ohio, na wamezungukwa na viwanda vidogo vya watu ishirini thelathini vinavyowatengenezea vipande. Kwa maoni yangu mgeni apite kwenye hivyo vidogo. Mlango mkubwa una kompyuta inayosoma CV na kuitupa, kiwanda kidogo kina mzee mwenye mali anayekwambia njoo Jumanne nione mkono wako.

Roketi ni nyingine. SpaceX wako Starbase kusini kabisa mwa Texas wanatengeneza Starship, na ile ni steinlesi. Blue Origin wako Kent jimbo la Washington na Florida, ULA wako Decatur, Alabama. Ila ujue matenki mengi ya roketi ya aluminiamu siku hizi yanaunganishwa kwa msuguano, pini inazunguka inakoroga metali mpaka inashikana bila kuyeyuka, njia iliyobuniwa TWI, taasisi ya utafiti wa uchomeleaji Uingereza, mwaka 1991, na hapo welda anakuwa mwendesha mashine. Mirija, mabomba na vishikizo ndivyo vimebaki kwa mkono.

Meli ndiko kwenye nafasi nyingi zaidi. Newport News ya Virginia ndiyo pekee inayojenga meli za kubebea ndege za nyuklia, na nyambizi inazijenga yeye na Electric Boat wa Groton, Connecticut, ambao wana kiwanda kingine Quonset Point, Rhode Island. Bath Iron Works kule Maine na Ingalls ya Pascagoula, Mississippi wanajenga manowari za juu ya maji. Jamaa wa Portland na Lewiston mnaoongea Kiswahili kila Jumapili baada ya ibada, Bath ni chini ya saa moja kwa gari kutoka mlipo, na manowari za pale hazina nyuklia, kwa hiyo angalia masharti yao vizuri kabla hujajikatia tamaa mwenyewe.

Vifaru sitakaa sana, Abrams wanatengenezwa Lima, Ohio na BAE wako York, Pennsylvania, ni chuma kinene au aluminiamu nene na MIG (waya unajisukuma wenyewe kwenye bunduki), na aliyezoea kuchomelea chasisi za malori atajisikia nyumbani.

Pesa

Takwimu za serikali za Mei 2024 zinasema welda wa katikati Marekani nzima anapata kama dola 51,000 kwa mwaka, hiyo ni dola 24 na nusu kwa saa. Asilimia kumi ya juu wanavuka dola 75,000. Hiyo ni welda wote, wa trela, wa majengo, wa kila kitu. Kwenye ulinzi na anga anayeanza anaanzia jirani na hapo katikati au chini kidogo kutegemea jimbo, halafu anapanda kadri anavyofaulu majaribio mapya, na mwenye TIG (ncha ya tangsteni mkono mmoja, waya mkono mwingine) ya titani na Inconel aliyefaulu kwa kanuni za anga ndiye anayegombaniwa.

Lakini usiangalie namba ya saa peke yake, fanya hesabu ya wiki. Chukua mfano mtu wa dola 28. Saa arobaini ni dola 1,120. Kila saa inayozidi arobaini sheria inataka alipwe mara moja na nusu, yaani dola 42, akiongeza kumi ni 420, jumla 1,540 kwa wiki, na akishika hivyo mwaka mzima ni kama 80,000 kabla ya kodi. Ovataimu kwenye yadi za meli huwa haikosekani maana ratiba za nyambizi zimechelewa miaka. Shifti ya usiku ina nyongeza yake. Halafu angalia jimbo, Texas, Florida na Washington hazikati kodi ya mapato ya jimbo, Connecticut inakata, na nyumba karibu na Groton zina bei, kwa hiyo dola 30 ya kule inaweza ikazidiwa na dola 26 ya Mississippi ukishalipa kodi ya nyumba.

Kwenye yadi zenye chama cha wafanyakazi, mfano Local S6 pale Bath au Local 8888 pale Newport News, mshahara uko kwenye mkataba kwa madaraja, hakuna cha kubembeleza, unachobembeleza ni kuwekwa daraja gani, ndiyo maana ule uzoefu wa nyumbani uuandike vizuri kwenye CV: miaka, michakato, unene wa chuma, mkao. "Nilikuwa fundi" haimwambii mtu kitu. Kwenye kiwanda kidogo kisicho na chama ndiko unakotaja bei, na muda wa kuitaja ni baada ya kufaulu jaribio. Kabla ya hapo nyamaza.

Mafunzo bila kufilisika

Shule za binafsi zina matangazo mazuri na karo kubwa. Mimi nasema komyuniti koleji kwanza. Mwenye grinkadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi anaweza kujaza FAFSA (fomu ya serikali ya kuomba msaada wa karo) na kupata ruzuku ya Pell Grant kama kipato chake ni cha chini, kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025-26, na hiyo hairudishwi, na koleji nyingi kozi ya cheti inaishia humohumo.

Zipo na za bure kabisa. Danville, Virginia kuna mpango unaitwa ATDM, wiki 16, unalipiwa na jeshi la majini kwa sababu wana njaa ya mafundi, masomo bure na malazi wanasaidia, kuna kuchomelea, kuna kuendesha mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta), kuna ukaguzi. Newport News wana Apprentice School tangu 1919, unasoma huku unalipwa mshahara, ila kuingia ni ushindani na hesabu lazima uzijue. Mashariki ya Connecticut kuna Manufacturing Pipeline, kozi fupi za bure zinazowapeleka watu Electric Boat. Zote hizi uliza mapema masharti ya uraia.

Ukiwa darasani usikimbilie kuchoma tu. Kinachowaangusha watu wetu ni drowingi. Tumezoea milimita na kukadiria kwa jicho, huku ni inchi na sehemu za elfu za inchi, bati la .040 ni kama milimita moja, na alama za kuchomelea zina lugha yake, mshale upande gani, mshono wa upande huu au wa pili, ukubwa gani. Mtu ana mkono wa dhahabu anachomelea upande usio wake, kipande kinatupwa. Jifunze pia kusoma WPS, hiyo ni karatasi ya maelekezo ya mshono, inakupa ampea kutoka ngapi hadi ngapi, gesi kiasi gani, waya gani, ukitoka nje ya hizo namba hata kama mshono umependeza, umeharibu kazi.

Mkono wenyewe

Kwa meli jifunze rodi na waya wenye fluksi, mikao yote, juu ya kichwa ikiwemo. Ngozi ya nyambizi ni vyuma vinaitwa HY-80 na HY-100, na hivi vinaogopa haidrojeni. Unyevu kidogo kwenye rodi unageuka haidrojeni ndani ya mshono, halafu masaa au siku kadhaa baadaye chuma kinapasuka chenyewe wewe uko nyumbani umelala. Ndiyo maana rodi zinakaa kwenye oveni, unapewa chache kwa muda maalum, zikikaa nje sana unarudisha, na chuma unakipasha joto kabla ya kuanza na unalipima lile joto. Ile tabia ya rodi kukaa kwenye ndoo nje ya kibanda mvua inanyesha, iache Kariakoo.

Na hayo makaratasi yana chanzo chake. Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi USS Thresher ilizama na watu 129, wakafa wote, na wachunguzi waliona kuna uwezekano mkubwa bomba la maji ya bahari lilifumuka kwenye kiungo kilicholehemiwa kwa fedha. Baada ya hapo ndiyo ukaja mpango wa SUBSAFE, kila kiungo kinachozuia maji kina historia yake iliyoandikwa, chuma kilitoka wapi, nani kachomelea, nani kakagua. Ukikutana na mkaguzi anayekusumbua kwa sahihi moja iliyokosekana kumbuka hiyo.

Kwa anga ni TIG. Nenda taratibu hapa. Unachukua bati la titani, unalifuta kwa asetoni na kitambaa kisichoacha nyuzi, umevaa glavu safi za nitrili maana jasho la kidole linatosha kuharibu, na waya wa kujazia nao unaufuta, kila mmoja. Brashi ni ya steinlesi na ni ya titani peke yake, haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Unaweka kwenye tochi kikombe kikubwa chenye gasi lensi (wavu unaotuliza gesi), unaweka gesi ya agoni upande wa nyuma pia, unawasha. Ncha ya waya haitoki nje ya agoni hata ukipumzika kidogo, ikitoka unaikata unaanza na mpya. Ukimaliza hauondoi tochi, unaishikilia palepale gesi inaendelea kutoka mpaka metali ipoe. Sasa angalia rangi. Ikiwa fedha inayong'aa, umefanya kazi. Ikiwa manjano ya majani makavu, wengi wanakubali. Bluu na zambarau hapo hewa imeingia na kwa kazi nyingi za anga imekataliwa, kijivu au unga mweupe huo mshono ni mgumu na unavunjika, tupa. Mtu anayejua anaisoma hiyo rangi akiwa bado yuko mlangoni.

Na usisafishe kitu cha kuchomelea kwa ile dawa ya kusafishia breki yenye klorini, moto wa umeme ukiigusa inatoa gesi ya fosjeni, hiyo gesi walikuwa wanaulia watu vita vya kwanza vya dunia. Asetoni tu, nayo ikauke kabisa kabla hujawasha.

Siku ya jaribio

Habari njema kwa waliojifunzia gereji: karibu kila mwajiri anakupima mkono, cheti cha VETA au NITA kinasaidia kwenye CV lakini kazi unapewa na kile kipande ulichokichomelea mbele yao. Kanuni ziko tofauti. D1.1 ya AWS (chama cha uchomeleaji cha Marekani) ni ya vyuma vya miundo, D17.1 ni ya anga, na jeshi la majini lina zake. Cheti cha D1.1 ulichochukua kwenye kituo cha AWS unaweza kutembea nacho, lakini kufaulu kwa D17.1 na kwa jeshi la majini kwa kawaida kunabaki kwa mwajiri aliyekupima, ukihama unapimwa tena. Na usipotumia mchakato kwa miezi sita D1.1 inahesabu umeshapoteza, kwa hiyo weka rekodi zako mwenyewe, nakala nyumbani.

Wakikupigia simu uliza: ni mchakato gani, metali gani, unene gani, mkao gani, nije na helmeti yangu? Hawatakuona mjinga. Kwa bomba mara nyingi ni 6G, bomba limelala nyuzi 45 halizunguki, unalizunguka wewe. Kwenye yadi kuna wanaopimwa kwa kioo, kiungo kiko mahali macho hayafiki, unachomelea ukiangalia kioo na mkono unaenda kinyume na unavyoona, hiyo usipoifanyia mazoezi utatukana.

Kipande chako kitakatwa vipande vyembamba na kupindwa mpaka kiwe herufi U. Kwa D1.1 ufa ukizidi milimita tatu umeanguka. Au watakipiga eksirei, au watakimwagia rangi inayopenya nyufa na kukiangalia kwa taa ya zambarau. Chomelea mizizi yako polepole, wengi wanaanguka kwenye milimita mbili za kwanza na za mwisho pale mshono unapoanza na kuisha. Kwa anga watapima na macho, miwani inaruhusiwa, basi ivae, acha ubishi wa kwamba unaona vizuri.

Bangi na miraa

Hili watu hawapendi kuambiwa. Kazi za ulinzi wanapima mkojo kabla ya kukuajiri na wakati wowote baadaye, na bangi hata kama jimbo lako limeiruhusu na inauzwa dukani na risiti, kwa serikali kuu bado ni haramu na kazi unakosa. Miraa vilevile, huku kathinoni iko kundi moja na heroini kwenye orodha ya serikali kuu, haijalishi Meru na Nyambene ni zao la biashara halali. Ukiomba kibali cha usalama watauliza pia madeni, safari za nje, ndugu walioko nje. Kuwa na ndugu Goma au Tanga hakukuondoi, kudanganya kwenye fomu ndiko kunakuondoa.

Mwili wako

Steinlesi ikichomwa inatoa moshi wenye kromu ya aina mbaya inayosababisha saratani ya mapafu, sheria ya OSHA (idara ya usalama kazini) inataka isizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa hiyo feni ya kuvuta moshi iwe karibu na mshono, na barakoa ya vichujio siyo ya uoga. Agoni nayo haina harufu wala rangi. Tenki au bomba kubwa lililojazwa agoni ukiingiza kichwa unaanguka bila kukohoa hata mara moja, na anayekimbilia kukuvuta naye anaanguka juu yako. Hakuna kuingia bila kipimo cha oksijeni, bila karatasi ya ruhusa na mtu nje. Msimamizi akikwambia ingia haraka ni dakika moja, kataa, sheria iko upande wako.

Kazi za mkataba

Ukishakuwa na uzoefu kuna mawakala wanakupeleka yadi ya mbali kwa miezi kadhaa, saa unalipwa vizuri na posho ya kila siku ya kula na kulala juu. Posho inatamanisha maana haikatwi kodi, ila masharti ni kwamba uwe na makazi unayoyalipia sehemu nyingine na kazi iwe ya muda, ikipita mwaka au ukiwa huna nyumba popote IRS (mamlaka ya kodi) inaihesabu kama mshahara na itakuja kukudai. Bima ya afya kwa mawakala wengi ni dhaifu. Mwenye watoto wadogo mimi ningemwambia abaki kwenye ajira ya kudumu.

Mlioko nyumbani

Mnauliza kila siku. Kwa hii ITAR niliyoeleza, hakuna kampuni ya kutengeneza nyambizi au kombora itakayokuchukua kutoka Mwanza au Mombasa kwa viza ya kazi. Mtu akikwambia anayo nafasi ya welda wa ndege Marekani na anataka laki tano za kufungulia faili, huyo anakula hela yako. Anayetaka mkono wa meli akiwa Afrika Mashariki atazame Kenya Shipyards, iko chini ya wizara ya ulinzi, ndio waliojenga MV Uhuru II pale Kisumu, na Songoro Marine pale Mwanza. Mikao, rodi kavu, eksirei, ni vilevile, na ukija kupata grinkadi kwa njia yako utafika na kitu cha kuandika kwenye CV.

Mgongo ukichoka

Hakuna anayelala chali kwenye tenki la meli akiwa na miaka sitini. Panga mapema kuwa mkaguzi, cheti kinaitwa CWI cha AWS. Kama una diploma ya sekondari wanataka uzoefu wa miaka mitano, mtihani una sehemu tatu na kila sehemu upate angalau asilimia 72. Moja ni nadharia, moja ni vitendo, unapewa vipande vya plastiki vilivyofinyangwa kama mishono unapima kasoro, na moja ni kitabu cha kanuni, hiyo unaruhusiwa kukifungua ila muda unakwisha kama hujui ukurasa uko wapi. D1.1 nakala za zamani zinauzwa bei ya chini, inunue sasa ujizoeze kuipekua, ile ya toleo linalotahiniwa utainunua ukishajiandikisha.